Mtoto Naye ni Abiria: Barua ya Wazi kwa Watu wa Mabasi ya Kaskazini

Waheshimiwa wamiliki wa mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi, Rombo na Arusha. Nanyi madereva, makondakta na mawakala wa tiketi,

 

Nawaandikia Oktoba, msimu haujaanza, kwa sababu Desemba hamna masikio. Desemba abiria akiuliza swali dirishani kwa wakala hujibiwa, "Dada, kama hutaki pisha wenzako," na kweli wenzake wapo nyuma yake, foleni imefika kwa wauza maji. Sasa hivi siti ni nyingi kuliko abiria, na pale stendi ya Magufuli mnatuita "bosi" na "mama yangu" tangu getini. Nisikilizeni basi wakati bado mimi ni bosi.

Mimi ni Mluguru niliyeolewa Marangu. Tunaishi Kimara na watoto watatu: wa miaka saba, wa minne, na kichanga ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Watani husema Wachaga hupanda kwao kila Desemba kwenda kuhesabiwa. Nami nilikuwa nacheka, mpaka nikaolewa nikakuta kuhesabiwa kwenyewe ni kweli. Jioni ya mkesha wa Krismasi baba mkwe husimama uani, migomba nyuma yake, akaita wajukuu mmoja mmoja, na mzazi ambaye mtoto wake hakuitika huulizwa mbele ya watu. Mwaka huu kichanga wetu anabatizwa sikukuu ya pili ya Krismasi, katika kanisa alimobatizwa baba yake. Mbuzi wa ndafu ameshatengwa. Kubaki Dar hakuna.

Mnaweza kusema hiyo ni sherehe yetu, haiwahusu. Inawahusu sana. Umati mnaoupakia wiki ile hauendi kutalii. Unapeleka watoto kubatizwa, kupokea komunyo na kipaimara, na kuonyeshwa makaburi ya mababu kwenye kihamba, shamba la ukoo. Wenzetu wa Lushoto, Usangi na Ugweno nao hupita barabara hiyo hiyo na watoto wao kila Idd inapokaribia. Waondoeni watoto kwenye safari hizi, muone kama msimu utabaki. Lakini ndani ya magari yenu mtoto hahesabiwi abiria, anahesabiwa mzigo wa mama yake. Hilo ndilo lalamiko langu, na haya yafuatayo ni matawi yake tu.

1. Nauli ya mtoto haijulikani, na siti yake haina mwenyewe

Mtoto wa miaka saba analipa shilingi ngapi? Nendeni kwa mawakala watatu mkaulize. Wa kwanza atasema nauli nzima. Wa pili atasema nusu. Wa tatu atamtazama mtoto kuanzia kichwani hadi viatuni kama anayekadiria uzito wa gunia, kisha ataje bei. Hakuna bango wala karatasi iliyobandikwa. Bei inategemea umati uliopo nyuma yangu.

Ukishalipa, kuna kazi ya kuilinda hiyo siti. Desemba iliyopita mwanangu mkubwa alikatiwa tiketi kamili, namba ya siti imeandikwa. Hatujafika Kibaha, kondakta wa gari lile, ambalo jina lake nalihifadhi, akaja amemshika mkono mzee mwenye fimbo. "Mama, mpakate huyo, tumsaidie mzee." Mdogo wake nilikuwa nimeshampakata, na chini yake kulikuwa na tumbo la miezi sita. Lakini nani atamnyima mzee kiti mbele ya gari zima? Nikamsogeza mtoto, akasimama katikati ya magoti yangu na siti ya mbele. Baadaye nikamwuliza mzee kwa heshima kama alipewa lifti. Akanionyesha tiketi yake. Alikuwa amelipa, tena zaidi yangu. Siti moja iliuzwa mara mbili, na adabu yangu ndiyo iliyotumika kufunga biashara.

Tufanye hesabu. Mwishoni mwa 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipotangaza nauli kikomo, daraja la kawaida liliwekwa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 560. Hesabu hiyo inakuja kama shilingi 27,000 na ushei, kwa abiria mmoja. Sasa, kama mwanangu ni abiria wakati wa kulipa, ni nani wakati wa kukaa? Na kama si abiria, pesa yake mliipokea ya nini?

2. Mkanda unafungwa kwa ajili ya trafiki

Wote tunaujua wimbo wa kondakta: "Jamani fungeni mikanda, mbele kuna trafiki." Tukishampita askari, mikanda inaachiwa. Hapo nazungumzia siti ambazo mkanda upo na unafunga. Siti nyingine mkanda umekatika, au umesukumiwa chini ya mto ambako hata mkono haufiki.

Mtoto aliyepakatwa hana mkanda kabisa. Nikiuzungusha mkanda wangu umpitie na yeye, gari likigonga kitu, mimi ndiye nitakayembana mwanangu kwa uzito wangu wote. Nisipomzungushia, nabaki kutegemea mikono yangu, na hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia mtoto basi la mwendo wa kilomita 80 kwa saa linaposimama ghafla. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, enzi ambazo kiti cha mtoto ndani ya gari hakikuwa kwenye fikra za wengi hapa kwetu. Kumlinda mtoto si lazima kungoje Bunge. Mkanda mzima na siti yake mwenyewe vinaanza kwenye gereji zenu.

Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi na Costa ziligongana zikawaka moto, wakafa watu zaidi ya 30. Ni barabara hii hii tunayopita na watoto. Sisemi ajali ile ilitokana na mikanda. Nasema kila mzazi anayepita Same sasa hutazama mlango wa dharura ulipo, halafu hutazama watu waliokalia stuli na ndoo kwenye korido kati yake na mlango huo, na hujiuliza atampitishaje mtoto. Zile stuli za Desemba mnazipanga ninyi, na hela zake mnakusanya ninyi.

3. Kuchimba dawa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mnapotudhalilisha zaidi.

Mtu mzima anaweza kujibana kutoka Chalinze hadi Korogwe. Mtoto wa miaka mitatu hawezi. Kibofu chake ni kidogo, na hajui kupanga mambo yake kwa kufuata hoteli ambayo dereva analishwa bure. Safari ile ile niliyoitaja, tulipovuka daraja la Wami mwanangu wa kati alininong'oneza. Nikamwita kondakta. Akasema, "Mbele kidogo." Tukapita Mandera. Nikamwita tena. "Mama, tuna ratiba." Tukapita Mkata. Mtoto sasa alikuwa analia kimya kimya, miguu ameipishanisha, mikono ameibana katikati. Kondakta akarudi na chupa tupu ya maji ya nusu lita, akanipa mbele ya watu: "Msaidie humu."

Mwanangu ni wa kike.

Abiria walicheka, si kwa ubaya, ila walicheka. Akajikojolea. Gauni alilokuwa amevaa nilikuwa nimelinunua Kariakoo ili bibi yake amwone amependeza akishuka. Nguo za kumbadilisha zilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa kwenye buti, na buti halifunguliwi mpaka mwisho wa safari. Dakika chache baadaye gari hilo hilo lenye ratiba likasimama porini, likapakia mtu na magunia yake mawili. Kwa magunia, ratiba ilipatikana.

Na tukisimama rasmi, tunasimamaje? "Dakika kumi na tano, msichelewe, gari halimsubiri mtu." Katika dakika hizo nipange foleni ya choo na watoto watatu, ninunue chakula ambacho bei yake ni ya mtu asiye na pa kwenda, nimnyonyeshe mmoja, niwahesabu wote, nipande. Siku hizi, tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kuna na lile la kushushwa gizani kichakani, kila mtu na tochi ya simu yake. Mama aliyebeba kichanga mkono mmoja atashika tochi kwa mkono upi?

4. Saa ya tiketi na saa ya gari

Tiketi inasema tuondoke saa 12 asubuhi, turipoti saa 11. Kuripoti saa 11 na watoto maana yake ni kuwaamsha saa 8 usiku. Tunafika, gari halipo. "Linakuja, lipo gereji." Saa 1 linakuja jingine, si lile la kwenye tiketi, ni gari lililokodiwa kutoka njia nyingine, siti zake hazilingani na namba zetu, na vita vya siti vinaanza upya. Tunaondoka saa 3. Kisha dereva anataka kufidia hayo masaa kwa mguu wake wa kulia, na watoto waliokesha stendi wanaanza kutapika kabla ya Mlandizi. Mifuko ya kutapikia, kondakta anasema, imekwisha. Gari likichelewa mtu mzima anakasirika. Mtoto anaugua, na anafika Marangu, kwenye baridi, akiwa na homa siku ya ubatizo wake.

5. Luninga

Hili nitalisema kwa kifupi. Gari limebeba watoto wanaokwenda kupata kipaimara, na kwenye luninga watu wanachinjana kwa mapanga, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Ikizimwa hiyo, inawekwa miziki ya wasichana waliovaa nusu nguo. Mtoto hawezi kutazama pembeni kwa saa kumi nzima. Mzazi akiomba, anaambiwa abiria wengine wanapenda. Mmewauliza lini?

Majibu yenu nayajua

Mtasema Desemba gari linapanda limejaa na kushuka tupu, na mafuta ya kurudi hamlipiwi na mtu. Ni kweli, na ndiyo maana sijawaomba mpunguze nauli hata senti moja. Nitalipa nauli halali. Naomba kile nilicholipia.

Mtasema wazazi nao ni wajanja, mtoto wa miaka tisa wanasema ana minne. Wapo. Wekeni bango la umri na nauli, kila mtu aje na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, ujanja utaisha siku hiyo hiyo. Ujanja wetu unaishi kwa sababu bei yenu haijaandikwa.

Mtasema abiria wenyewe ndio wanaopiga kelele, "Kanyaga twende!" Abiria hana leseni ya kuendesha gari la abiria. Dereva anayo.

Mtasema kila mtoto akisimamishiwa gari hatutafika. Siombi gari lisimame kwa kila mtoto. Naomba lisimame kwa mpango, mahali penye choo, na mpango huo niujue kabla sijamnywesha mtoto maji.

Ninachoomba, kabla ya Desemba mosi

Kwanza, kila dirisha la tiketi libandikwe bango la nauli ya mtoto: umri gani anapakatwa bure, umri gani analipa nusu, umri gani analipa nzima. Na kila mtoto aliyelipa, iwe nusu au nzima, awe na siti yenye namba mpaka mwisho wa safari. Kama nusu nauli haitoshi siti, semeni wazi, nitaongeza. Msinitoze kisha mniambie nipakate.

Pili, siti nne za mbele, nyuma ya dereva, ziwe za wenye vichanga na wajawazito mpaka siku moja kabla ya safari. Zisipopata mtu, uzeni.

Tatu, mikanda yote ikaguliwe Novemba, na stuli zisipande kwenye gari. Hata moja.

Nne, vituo vya choo viandikwe nyuma ya tiketi, kisipite kipindi cha saa mbili bila kusimama. Tuseme Chalinze, Segera, Mombo, Same. Dakika 25 kila kimoja, na wenye watoto wadogo washuke kwanza. Usiku, kusimama kuwe penye taa na choo tu.

Tano, kila mwenye mtoto aruhusiwe begi moja dogo ndani: nguo, pempasi, chupa ya uji. Begi hilo lisipelekwe buti kwa nguvu.

Sita, gari likichelewa kuondoka zaidi ya saa moja, abiria wajulishwe kwa simu, maana namba zetu mnazo kwenye tiketi mtandao. Nami nitamwacha mtoto alale.

Saba, luninga ionyeshe kitu ambacho kondakta angekitazama na mama yake. Usiku izimwe.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji kununua gari jipya. Mengi yanahitaji karatasi, gundi, na mwenye gari mmoja aseme "nimekubali."

Msipofanya, kitatokea nini

Kinatokea tayari. Wenye uwezo wameshawakimbia. Treni ya Moshi iliporudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi, nilisikia akina mama wakiisifia, na walichosifia si mwendo wake, maana basi linaiacha mbali. Walisifia choo, na mtoto kuweza kutembea ndani ya behewa. Lakini haiendi kila siku, na tiketi za Krismasi huisha mapema. Wengine wanachangishana wanakodi Noah, wanabanana watu kumi na mbili. Wengine baba anatoka kazini jioni, anawasha gari lake, anaendesha usiku kucha na usingizi machoni kwa sababu hataki mke wake apewe chupa tena. Hao wote wako barabarani pamoja na ninyi, na kila mmoja ni hatari mliyoichangia.

Asiye na gari wala nafasi ya treni huwaacha watoto. Anapanda peke yake, anahudhuria ubatizo wa mtoto wa nduguye, anarudi. Watoto wake wanabaki Dar na dada wa kazi, wanaijua Kilimanjaro kwa picha ya kwenye noti na vitabu vya shule. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini hawakusema lolote kuhusu aliyezuiwa kufika kwao na usafiri.

Fikirieni na biashara yenu. Wanangu leo wanawapa nusu nauli na usumbufu. Siku moja watakuwa na kazi, na huenda na watoto wao. Watapanda gari gani Desemba, kama kumbukumbu yao ya safari ya kwenda kwa bibi ni gauni lililolowa na watu wanaocheka? Watoto wanakumbuka sana.

Kwa upande wetu tumeshaanza. Katika umoja wa wanawake kanisani kwetu na katika kundi la wazazi shuleni, tumekubaliana kuandika orodha ya magari: nani ana bango la nauli ya mtoto, nani anasimama, nani aliuza siti mara mbili. Hatutamtukana mtu. Tutapeana orodha tu, kisha tutakata tiketi kwa pamoja, familia nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa yule wa kwanza atakayetimiza haya saba. Atakayebaki na stuli zake azipeleke kwenye njia nyingine.

Tiketi za Krismasi tunaanza kukata katikati ya Novemba. Bango linachapwa kwa siku moja pale Kariakoo, na bei yake haifiki nauli ya mtu mmoja kwenda Moshi. Wa kwanza kulibandika anitafute pale stendi. Nina siti tano za kulipia, na ya kichanga nitailipia nzima.

Wenu katika safari,

Mama wa watoto watatu
Kimara, Dar es Salaam

Nakala: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, wazee wa koo wanaotutaka tufike mapema.